Kikohozi cha Tungu

Kipande cha tatu cha onyesho kilipoanza, Bi Nyanzobe alikuwa ameshavua kiatu cha mguu wa kulia, na fundi mitambo wa Upeo alikuwa anakitazama kile kiatu kwa wasiwasi, maana ukuta wa kuonyeshea ulikuwa wa kioo.

"Huyo ni nani?" aliuliza Bi Nyanzobe, akinyoosha kidole.

Ukutani msichana mwembamba alikuwa anaruka juu ya bonde la barafu, bunduki ya mwanga mkono huu na mkono huu, nywele zikipepea ndani ya kofia ya chuma ambamo upepo usingeweza kuingia. Nyuma yake pete za Zohali zilimeremeta kama bangili za dukani.

"Huyo ni Sizya, mama," alijibu Leokadia Ng'unda, mkuu wa masimulizi wa kampuni ya Upeo. Alikuwa binti wa watu, mwenye adabu, aliyeingia asubuhi ile kwa shikamoo ya kupiga goti, na adabu yake ndiyo iliyozidi kumkera Bi Nyanzobe.

Sizya! Kwa miaka yote ambayo *Wapagazi wa Zohali* ilirushwa redioni kutoka Tabora, Sizya alikuwa Bi Nyanzobe mwenyewe. Na Sizya wake alikuwa mama wa makamo mwenye goti bovu, kirangozi wa msafara, yule anayetangulia mbele na kamba kiunoni. Hakuwahi kushika bunduki. Msafara mzima haukuwa na bunduki hata moja. Ulikuwa na watu, kamba na mapande ya barafu mgongoni, kwa sababu kule kwenye mwezi wa Zohali mitambo iliganda, na binadamu peke yake ndiye aliyeendelea kutembea ili kituo kipate maji. Hadithi ilikuwa hiyo tu. Mtu aliweza kuifuata huku anamenya viazi, na nusu ya nchi iliifuata ikimenya viazi.

Sasa barafu ilikuwa imegeuzwa madini ya thamani, wapagazi wamekuwa wawindaji wa hazina, na goti la Sizya limepona bila dawa.

Bi Nyanzobe alikirudisha kiatu mguuni. Si kwa kupoa. Alikumbuka kwamba kikuku alichovalishwa mkononi kilikuwa kinamsoma, na hakutaka hasira yake iwafae watu wa Upeo kwa lolote.

Kazi ya siku ile ilikuwa moja. Upeo walilitaka jina la tamthilia. Sheria ilisema jina moja, kazi moja: onyesho jipya likigongewa muhuri, kanda za zamani zinaondolewa kwenye mitandao yote, eti watazamaji wasichanganyikiwe. Lakini muhuri haugongwi mpaka shahidi wa asili alitazame onyesho na mwili wake ukiri kwamba ndilo. Mdomo haukuhesabiwa, maana midomo inanunulika. Kikuku kilichukua mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi, kikavipeleka kwenye kipimo, sanduku la chuma ambalo Upeo walikuwa wameliweka katikati ya ukumbi wa Baraza la Majina. Taa yake ikijaa kijani, mwili umeitambua kazi. Ikijaa nyekundu, umeikana. Mwandishi alikuwa ameshakufa, waigizaji wenzake wameshakufa, na sasa *Wapagazi wa Zohali* ilikuwa imebaki kwenye mkono mmoja wa mwanamke mzee.

Tangu asubuhi taa ilikuwa nyekundu. Msajili Kasembe, mzee wa maneno machache aliyekaa kando na miwani yake, alikuwa ameshaanza kupiga miayo.

"Kwani kila mtu ataona haya haya?" aliuliza Bi Nyanzobe.

Leokadia akaeleza, na hapo uso wake ulichangamka kweli kweli. Onyesho halikuwa moja. Kulikuwa na mtambo waliouita Mfumaji, uliomsoma mtazamaji kwa kikuku kama hicho hicho na kufuma hadithi palepale. Mtu akikaribia kuchoka, vita vinazuka. Akikaribia kuogopa, mlango unafunguka. Akikaribia kulia, hadithi inakata kona. Kila mtu angepata Zohali yake.

"Sasa kesho yake kazini watazungumza nini?"

Leokadia alitazama karatasi zake. Swali hilo halikuwa kwenye mambo aliyojiandaa nayo.

Kisha kipande cha mwisho kikaanza, na Bi Nyanzobe akajikuta ameshika mikono ya kiti. Alikijua kipande hicho kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Msafara umefika kituoni, mlango wa hewa umeganda kwenye bawaba, na lazima mtu mmoja abaki nje ausukume kwa mabega. Anabaki Tungu, mpagazi wa mwisho kwenye mstari. Anautupa mzigo wake ndani. Na kwa desturi ya wapagazi, ambayo ndiyo ilikuwa roho ya tamthilia nzima, hakuna anayeachia mzigo bila kutaja kwa sauti jina la anayempokea.

Ukutani Tungu mpya, kijana wa misuli, aliutupa mzigo. Alifumbua mdomo. Na sauti iliyotoka haikuwa ya kijana yule. Ilikuwa sauti ya Shija.

"Mzigo huu namwachia Nyanzobe," ilisema sauti ya mdogo wake, Tungu wa redioni, aliyezikwa zamani. Halafu Tungu akajipenyeza ndani kabla mlango haujafunga, akavua kofia, akatabasamu, mzima wa afya.

Moyo wa Bi Nyanzobe uliruka. Hakuutuma, uliruka wenyewe. Machozi yalimjaa, kifua kikapanuka, na kwa kitambo kidogo alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu mazishi. Alipogeuka kutazama kipimo, taa ilikuwa kijani tupu.

Fundi mitambo alishusha pumzi. Msajili Kasembe alivaa miwani vizuri, akatangaza mapumziko ya chai kabla ya kugonga muhuri.

*

Walimweka kwenye chumba kidogo chenye dirisha, na Leokadia mwenyewe akamletea chai iliyotiwa asali. Bi Nyanzobe hakuigusa. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na sehemu mbili: moja kwa hawa waliomvizia, nyingine kwa moyo wake uliomsaliti mbele za watu.

Alimwambia Leokadia wazi kwamba walichofanya ni wizi. Wamechukua sauti ya maiti, wakaichonga ikawa ufunguo, wakafungua kifua cha mtu aliye hai. Leokadia hakubisha sana. Alisema kisheria sauti za kanda za zamani ziliruhusiwa kumfundishia Mfumaji, alimradi shahidi angekubali mwishoni, na shahidi amekubali, taa imesema. Kisha akatoa kwenye mkoba kijisanduku kidogo, akakiweka mezani kando ya kikombe.

"Hii ni zawadi, mama. Si ya kampuni, ni yangu. Muhuri ukigongwa, utakaa nayo nyumbani. Ukikataliwa, sauti hii inafutwa leo leo mbele yako. Sheria ndivyo ilivyo."

Akabonyeza.

"Nyanzobe, umekula?" iliuliza sauti ya Shija.

"Nimekula," Bi Nyanzobe alijibu, kabla hajafikiri.

Hapo alilia. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne kule Cheyo, na redio ya zamani ndiyo iliyokuwa mtu wake wa pili. Sasa alikuwa anaambiwa kwamba jioni zake zote zilizobaki zingeweza kuwa na sauti hii ndani yake. Atakayesema hilo ni jambo dogo hajawahi kusonga ugali wa mtu mmoja.

Leokadia alimwacha alie, kisha akazungumza polepole. Alisema yeye pia ni mpagazi, kama wasikilizaji walivyojiita, na alikua akiisikiliza tamthilia ile mgongoni mwa mama yake mdogo. Mama huyo baadaye alifiwa na mtoto. Alikosa usingizi mpaka watu wakamhofia akili. Walipomwonyesha onyesho la majaribio, akamsikia Tungu akimtaja yeye kwa jina na kumwona akiingia ndani salama, usiku huo alilala.

"Kwa nini tuwalazimishe watu kulia, mama? Kama upo uwezo wa kumwokoa Tungu, kwa nini tumwache nje?"

Swali lilikuwa zito, na Bi Nyanzobe hakulichukulia kwa mzaha. Aliitazama chai ikipoa na akaikumbuka siku ya kanda ya mwisho.

Mwalimu Mihayo, aliyeitunga tamthilia, alikuwa na utaratibu wake uliowachosha watu. Walirekodi kipindi kizima kwa pumzi moja, bila kusimama, bila kurudia. Alisema mtu aliyebeba mzigo harudi nyuma kuitembea hatua aliyokosea. Kwa hiyo vipindi vyote vilikuwa na madoa yake: kiti kilichokwaruza, mvua kwenye bati, Sizya aliyewahi kumwita mpagazi mmoja kwa jina la mwenzake, na Mihayo akalazimika kuwaandika kuwa ndugu wawili waliofanana ili kuhalalisha kosa.

Siku hiyo Shija alikuja studio na kifua kibovu. Kwenye karatasi iliandikwa: *Mzigo huu namwachia Sizya*. Naye Sizya alipaswa kujibu, *Nimeupokea*. Shija akafika kwenye "namwachia", na kikohozi kikamshika. Kilimkunja. Bi Nyanzobe alinyanyuka kumfuata, naye akamwinulia kiganja, asisimamishe. Jina halikutoka. Fundi wa sauti, kwa kufuata karatasi, aliufunga mlango wa hewa, yaani mfuniko wa pipa la asali, kwa kishindo. Na Bi Nyanzobe, mbele ya maikrofoni, hakuweza kusema *nimeupokea*, kwa sababu hakuna jina lililotajwa na desturi ni desturi. Akanyamaza. Mihayo aliwaangalia wote kupitia kioo na akauacha ukimya uende mpaka muda wa kipindi ukaisha.

Shija alitoka studio akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Watu hawakujua. Walidhani ni usanii, kwamba Tungu ameishiwa hewa. Lakini kesho yake sokoni, mashineni, bombani, kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake jina alilolitia pale kwenye ukimya. Mmoja alimtia mwanawe. Mwingine alimtia mume aliyeko machimboni. Ugomvi ulizuka, watu wakanuniana. Na Shija alipozikwa, waliobeba jeneza kila walipopokezana bega walisema kwa sauti, "Namwachia Maganga," "Namwachia Kulwa," mpaka kaburini. Hakuna aliyewapangia. Tangu hapo ndivyo watu wanavyozika katika sehemu nyingi za nchi, na watoto wa siku hizi hata hawajui kwamba desturi hiyo ilitoka redioni.

Bi Nyanzobe alishtuka. Wakati alipokuwa anakikumbuka kile kikohozi, kitaa kidogo kwenye kikuku chake kilikuwa kimewaka nyekundu. Alikitazama. Alifikiri tena kuhusu sauti ya kijisanduku, "umekula?", na kitaa kikawa kijani. Alirudi kwenye kikohozi, kwenye kiganja kilichoinuliwa. Nyekundu.

Alikunywa chai yote, ikiwa baridi hivyo hivyo.

"Mama yako mdogo," alisema, "Tungu alimtajia jina gani?"

"Lake mwenyewe, mama. Kila mtazamaji anatajiwa lake."

"Na yule mtoto wake, mmempeleka wapi?"

Leokadia alikisogeza kijisanduku kando.

"Sisi pale tulitia majina ya watu wetu, mwanangu. Nyinyi mmekuja mkamtilia kila mtu jina lake mwenyewe, mkaita huruma. Na hakuna aliyelazimishwa kulia. Redio ilikuwa na kitufe cha kuzimia."

*

Waliporudi ukumbini, muhuri ulikuwa umeshawekwa mezani kando ya kidau cha wino. Bi Nyanzobe hakukaa. Alisema shahidi ana ombi, na Msajili Kasembe, ambaye alitegemea kwenda kula, akamwambia aseme.

Aliomba kikuku kiendelee kumsoma. Aliomba kanda ya asili ya kipindi cha mwisho, ambayo Baraza lenyewe lilikuwa nayo kwa mujibu wa sheria, ipigwe ukumbini, na kipimo kiulizwe kuhusu hiyo.

Mwanasheria wa Upeo alisimama haraka. Alisema ombi halina maana, kwani asili haihitaji kutambuliwa kuwa asili.

"Basi hampotezi kitu," alisema Bi Nyanzobe.

Msajili aliifikiria hoja hiyo, akaonekana kuipenda. Akaagiza kanda ipigwe.

Ukutani hapakuwa na kitu cha kutazama. Kulikuwa na mkwaruzo, kisha upepo uliotengenezwa kwa kupuliza kwenye kibuyu, kisha hatua nzito za watu wanaobeba. Sizya akaita mstari, jina kwa jina, goti likimlalamisha kila baada ya maneno matatu. Fundi mitambo wa Upeo, ambaye asubuhi nzima alikuwa anachezea vitufe vyake, aliviacha.

"Mzigo huu namwachia," alisema Shija, Shija mwenyewe, na kikohozi kikamshika.

Kilikuwa kibaya kuliko Bi Nyanzobe alivyokumbuka. Kilikuwa na unyevu ndani yake. Mlango ukafunga. Ukaja ukimya, na ukimya ule ukaujaza ukumbi mpaka kwenye pembe. Msajili Kasembe alikuwa amevua miwani, na midomo yake ilicheza kidogo, ikitamka kitu bila sauti. Mwanasheria alitazama sakafu. Leokadia Ng'unda alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na yeyote angeona kwamba nyuma ya kile kiganja palikuwa na jina, wala si lake.

Kanda ilipokwisha, hakuna aliyekumbuka kipimo. Bi Nyanzobe ndiye aliyegeuka.

Taa ilikuwa nyekundu, imejaa mpaka ukingoni.

"Mheshimiwa Msajili," alisema, na sauti ilikuwa ile ya kirangozi, iliyowahi kuita watu wavuke barafu, "naomba useme kwa sauti sanduku hili limesema nini."

Msajili alisema. Kipimo kimesema kazi hii siyo *Wapagazi wa Zohali*.

"Limesema mimi siyo mimi. Limesema mdogo wangu siyo mdogo wangu. Kwa sababu linajua kitu kimoja tu, raha. Penye raha linasema ndiyo, penye uchungu linasema siyo. Asubuhi halikunisoma kama nimeitambua kazi. Limenisoma kama nimefurahi! Na nimefurahi, sikatai. Mtu akinirudishia maiti wangu nitafurahi, hata kama ni uongo. Hilo ndilo mlilokuwa mnapima?"

Mwanasheria alisema namna kipimo kilivyopangwa ni siri ya kibiashara. Msajili Kasembe alimwambia akae chini. Akaandika kwa mkono wake, polepole, huku akisoma kila neno: kipimo kilichoikana asili hakiwezi kuidhinisha nakala. Muhuri umekataliwa. Upeo warushe onyesho lao kwa jina lingine lolote wapendalo, wala wasitumie sauti ya mtu aliyekufa. Kanda za zamani zibaki zilipo.

Kisha akaushusha uso, maana sehemu iliyobaki haikumpendeza. Alieleza kwamba sauti iliyofumwa kutoka kwa marehemu Shija lazima ifutwe sasa hivi, mbele ya shahidi, kwa kauli yake. Akauliza kama shahidi angetaka kuisikia mara ya mwisho.

Bi Nyanzobe alitaka kusema hapana. Alisema ndiyo.

Leokadia alikileta mwenyewe kile kijisanduku, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Nyanzobe. Kilikuwa cha vuguvugu.

"Nyanzobe," ilisema sauti. "Nyanzobe, upo?"

Ilikuwa nzuri, nyororo, haina hata mkwaruzo. Walikuwa wamekisafisha kikohozi kabla ya kumfundisha Mfumaji, kama mtu anayeosha nguo ya marehemu mpaka harufu yake iishe. Lakini si hilo lililomgutusha. Jambo lenyewe alikuwa amelisikia tangu ukutani, likampita kwa sababu ya furaha, na sasa likamfika. Shija alikuwa mdogo wake. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kusoma, alimwingiza redioni. Katika maisha yake yote Shija hakuwahi kumwita Nyanzobe. Nyumbani kwao mdogo hamwiti mkubwa hivyo hivyo. Alimwita dada, hata akiwa na hasira, hata akiwa kitandani hospitali.

"Ananiita kwa jina," alisema.

Leokadia alielewa mara moja. Alikuwa mtoto aliyelelewa kwa adabu. Akainama, karibu kunong'ona, macho yakiwa na maji: "Hilo linarekebishika, mama. Hata sasa hivi. Tunamwambia akuite dada, na atakuita."

Bi Nyanzobe alimtazama binti yule, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hasira yake haikupata pa kukaa. Alimwonea huruma.

"Shija hakuna aliyemwambia, mwanangu."

Akamgeukia Msajili. "Ifutwe," alisema.

Kijisanduku kilipoa kwenye kiganja chake, kikawa kitu kama vitu vingine.

Mafundi wa Upeo walianza kufungasha. Kipimo kilikuwa kizito, na wawili kati yao walikishika huku na huku, wakaanza kukishusha ngazi za mbele wakihema. Bi Nyanzobe aliwapisha mlangoni. Katikati ya ngazi aliyekuwa nyuma alichoka, mwenzao wa tatu akaja akaingiza mikono chini ya sanduku, na yule aliyechoka, bila kufikiri, bila kujua anatazamwa, akasema, "Namwachia Mashauri."

"Nimeupokea," alisema Mashauri, na wakaendelea kushuka.